Filamu ya Mwisho ya Papa Damien, Mpiga Picha wa Mushaki

Jumatatu, tarehe 19 Mei 2025, filamu ya mwisho ya Papa iliposafishwa, chumbani walikuwamo Mama Verdiane, mke wake, kaka Sylvain, mtoto wake wa kwanza, Papa Nshimiyimana, kiongozi wa sala wa jumuiya yetu, jirani yetu Mama Vestine akiwa amempakata mjukuu wake Umugwaneza wa siku kumi, na mimi Olga, kitinda mimba wake, ninayewasomea haya hapa mazishini.

Papa yetu Damien Nizeyimana alizaliwa Karuba tarehe 14 Septemba 1952, mtoto wa tatu wa Théogène Byukusenge na Nyiransabimana, wakulima wa maharagwe, akasoma shule ya msingi Mushaki kuanzia 1960 hadi 1966, masomo yakaishia hapo kwa sababu baba yake alifariki na ng'ombe walihitaji mtu.

Mwaka 1971 alishuka Goma, akakaa miaka minne kwa mpiga picha mmoja ambaye hakumfukuza hata alipoharibu filamu ya harusi nzima, wema alioutaja kila mwaka, kisha 1975 akarudi Mushaki, akaziba dirisha la chumba cha nyuma kwa ngozi ya ng'ombe, akaanza kusafisha filamu nyumbani, nyeusi na nyeupe, kwa maji ya mvua.

Alifunga ndoa na Mama Verdiane tarehe 6 Agosti 1977, Mungu akawajalia watoto sita, wawili wametangulia.

Familia ilikimbia vita mara tano, na kila mara Mama alishonea filamu ndani ya koti lake, kwa hiyo watu wengi mlio hapa mna sura za wazazi wenu kwa sababu ya sindano yake. Mwaka 1996 saa ya Papa ilichukuliwa njiani kuelekea Walikale, tangu hapo akapima muda wa dawa za filamu kwa rozari, makumi matatu kwa dawa ya kutoa sura, kumi moja kwa dawa ya kuishika, na simu zilipofika alizikataa, akisema simu ikinyang'anywa inaondoka na watu wote waliomo.

Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, alimpiga picha Adelaïde, binti ya Mama Vestine, mwenye mimba kubwa, dawa ya kusafishia ikawa imekwisha, barabara ya Goma ikafungwa, filamu ikangoja. Tarehe 9 Mei Adelaïde alifariki akimzaa Umugwaneza, na hakuwa na picha nyingine popote duniani. Papa alikuwa tayari mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, lakini hakutulia kitandani, aliamka, akalala, akaamka, akiuliza kama Sylvain amefika na dawa ya filamu, na Mama Vestine, aliyekuja kila siku na uji, hakumuuliza picha hata mara moja.

Sylvain alifika nayo Jumapili. Kesho yake Papa aliingiza filamu ndani ya kopo jeusi kwa mikono yake mwenyewe, chini ya blanketi tatu, Mama na Mama Vestine wakikalia pindo mwanga usipite. Mimi nilipima joto la dawa kwa kiwiko, kama maji ya kuogesha mtoto, nikaimimina, Papa Nshimiyimana akaanzisha rozari, sote tukaitikia, na kwa kumhurumia mgonjwa tukaitikia taratibu, tukivuta kila neno kama kwenye mkesha. Papa akapiga mbao za kitanda.

"Mbio, bamama! Munaichoma!"

"Papa Damien, sala haikimbizwake," akasema Papa Nshimiyimana.

"Mungu anasikiaka hata mbio! Sukuma Salamu Maria!"

Mama alicheka akilia, tukaharakisha, lakini kumi la kwanza na la pili yalikuwa yamekwisha kupita polepole. Filamu ilitoka nyeusi mno kwa kukawia ndani ya dawa, Papa akaiinua dirishani ikidondoka maji, akahesabu hadi picha ya tisa, akasema ni yeye, Adelaïde, ila hajui kama karatasi ya kuchapia itampokea. Siku mbili aliuliza, imekauka, nani ataipeleka Goma, wataielewa, na Jumatano, tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, alikata roho akiwa bado anauliza.

Tunamshukuru muuguzi aliyepanda kilima kwa miguu mara saba, majirani wa Mushaki, Karuba na Kingi kwa kuni, maharagwe na mabega yenu, na wapiga picha wenzake wa Goma waliofungua duka jana jioni kutuchapia picha.

Papa, tulia sasa, mikono yako ipumzike kwa amani.

Picha ya Adelaïde ilirudi leo asubuhi, paji la uso limeungua likawa jeupe, macho na mdomo vinaonekana, na Mama Vestine anayo.