Chumba cha Maziwa Kilichookoa Mguu Wangu

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu wapendwa! Mimi ni mzee wa kanisa hapa Chechelesi, na kila Jumapili huwa ni mimi ninayewaita wengine waje mbele kushuhudia. Leo zamu ni yangu, na sijui nianzie wapi, kwa sababu bado nashangaa.

Mnajua nilivyougua kisukari. Daktari alinianzishia insulini, ile dawa ya sindano, nikawa najidunga mwenyewe kila asubuhi kama nilivyofundishwa. Lakini sukari ilikataa kushuka. Nikienda kliniki, iko juu. Dawa inaongezwa, sukari inabaki kule kule. Kisha nikatokwa na kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto, kidogo tu, kama cha mtu aliyejikwaa. Kikakataa kupona. Kikaanza kupanda.

Watu walisema ninakula sukari kwa siri. Hata Mama Rahabu, mke wangu, alichukua mkebe wa sukari akaupeleka kwa jirani!

Nikamwambia, "Mama, tangu lini nimekuwa mwizi wa sukari?"

"Mimi sijasema wewe ni mwizi," akanijibu. "Nimesema tu mkebe umeenda kutembea."

Tulicheka, lakini macho yake yalikuwa na machozi.

Ndugu zangu, mliniombea. Mlikuja nyumbani mkaniwekea mikono. Mimi mwenyewe niliomba hadi maneno yakaniishia. Mwishowe daktari wa hospitali akaniambia wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Mimi nimechunga ng'ombe kule Kipsing tangu utoto wangu. Kila nilichokipata duniani nilikifuata kwa miguu hii. Nilirudi nyumbani nikautazama ule mguu kama mtu anayemuaga rafiki.

Sasa sikilizeni kazi ya Mungu! Kituo chetu cha afya kilikuwa kimeanza utaratibu wa kuwatembelea nyumbani wagonjwa wasiopata nafuu. Wahudumu wake hawaji na dawa. Wanakuja kuuliza unaishije: unakula nini, maji unatoa wapi, nani anakusaidia. Na wameshikana mikono na watu wa mji, makanisa, msikiti na wafanyabiashara, ili kile unachokosa kitafutwe. Kwangu alikuja Sista Nkatha, muuguzi wa kituo. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za wajukuu. Halafu akasema, "Mzee, dawa yako inalala wapi?"

Swali hilo sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilisimama kwa furaha kabisa, nikatoa ufunguo, nikafungua sanduku langu la bati. Dawa ilikuwa pale ndani pamoja na hati yetu ya ndoa, imefungwa kwa kitambaa safi. Niliambiwa niitunze mahali pasipo na jua, na ndani ya sanduku jua haliingii!

Sista aliishika ile chupa. Nyumba yetu ni ya mabati, sanduku ni la bati, na joto la Isiolo mnalijua. Akaigeuza kidogo mkononi, akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, hii imeiva. Hii dawa inataka baridi. Joto limeiua, umekuwa ukijidunga maji tu."

Nilikaa chini. Maombi yote yale, machozi yote yale, na jibu lilikuwa ndani ya sanduku langu mwenyewe! Lakini friji nitaitoa wapi, na nyumbani hata stima hatuna? Nikamwambia hivyo.

"Friji iko," akasema. "Vaa viatu twende."

Tukapitia kituoni nikapewa chupa mpya, kisha akanipeleka Kiwanjani, kwenye chumba cha baridi cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Kituo kilikuwa kimekubaliana nao: mgonjwa asiye na friji aweke dawa yake kwao, kwenye friji ndogo ya pembeni, na asiye na chakula apewe maziwa. Kiongozi wao ni Mama Halima. Nilimsalimu, "Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee wa kanisa," akajibu, akanyoosha mkono apokee ile chupa mpya. "Lete mtoto wako alale. Hapa kwetu watoto wanalala baridi, na hawalii."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimemngojea Mungu kwenye mlango wa kanisa!

Nikawa naenda kila asubuhi, najidunga pale pale, nakunywa maziwa. Sukari ikaanza kushuka. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Sista alikuwa amenionya kwamba nikishajidunga lazima nile, kwa sababu sasa dawa ilikuwa na nguvu. Lakini akina mama wale wamefunga, nami nitatafunaje mbele yao? Sisi wa mji huu hatufanyi hivyo. Nikajidunga, nikaaga, nikasema nitakula nyumbani.

Sikufika hata langoni. Jasho lilinitoka, macho yakaingia giza. Nikasikia, "Mshikeni mzee!" Mama Halima akaniketisha, akamimina chai, akatia sukari nyingi.

"Kunywa."

"Mama, umefunga," nikasema kwa shida.

"Mimi nimefunga kwa ajili ya Mungu. Wewe ukinifia hapa mlangoni, nitamwambia nini huyo Mungu? Kunywa!"

Chai ilikuwa moto. Akaipuliza. Ndugu zangu, mwanamke mwenye njaa na kiu aliipuliza chai asiyoruhusiwa kuionja, akanishikia kikombe mdomoni mpaka nikaimaliza. Kisha akaniletea anjera, zile chapati zao laini, akasimama juu yangu mikono kiunoni. "Tafuna. Na kesho utatafuna hapa hapa, nikikuona." Mwezi mzima nilikula mbele ya watu waliofunga, nao wananihimiza! Nimekaa katika imani miaka mingi, lakini siku ile nilimwogopa Mungu upya. Nilijua yuko pale.

Kidonda kilifunga. Daktari alikitazama, akakibonyeza, akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia, "Ni ile ile yako, daktari. Siku hizi inalala kwa Mama Halima."

Asante Yesu! Asante Sista, asante akina mama wa maziwa, na ninyi mlioomba bila kuchoka. Na wewe uliyekaa hapo kimya, unayemeza dawa bila chakula, au unayekosa nauli ya kliniki na unaona haya kusema, mtumaini Bwana, halafu useme. Mwambie muuguzi jinsi unavyoishi. Mungu hataishiwa na mahali pa kukupeleka.

Kesho asubuhi naenda Kiwanjani, kwa miguu yangu miwili. Anayetaka twende pamoja, nitamngojea hapo nje.