Vidole vya Fundi Betri

Mshonaji alijifanya anatazama dirishani, kumbe masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Hapo fundi betri mwenye vidole vyeusi alikuwa akibishana na mama mmoja wa maabara ya hospitali, ingawa walikutana humo humo ndani ya basi.

"Dada yangu, mwaka wa kumi na mbili huu nayeyusha risasi ya betri kuukuu. Ningekuwa naumwa ningejua."

"Haiumi, kaka, na ndio ubaya wake. Moshi unaingia kwenye damu, mbegu za kiume zinapungua, zilizobaki zinaogelea kama zimelewa. Mwenyewe anajiona simba."

Fundi akacheka, kisha akaacha. "Sisi tunakula pale pale tunapoyeyushia."

"Basi mnaila."

Akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya kuazima. "Na mtu akiacha hiyo kazi, zinarudi?"

"Wengine zinarudi, taratibu. Ila lazima apimwe, na wanaume hawaji. Wanatuma wake zao."

Mshonaji akalibana faili lake la hospitali mapajani. Miaka sita ya ndoa, vipimo vinne, vyote vyake, vyote safi. Mawifi walishamwita tasa mbele ya wageni, na kaka yao, fundi wa gereji, anayeyusha risasi uani, kwenye sufuria ya zamani ya wali.

Basi likasimama hospitalini. Mama wa maabara akashuka, fundi akimfuata na swali jingine.

"Na wewe si unashuka hapa?" kondakta akamuuliza mshonaji.

"Nipeleke mpaka gereji kwa mume wangu," akasema. "Nilikuwa naenda hospitali bila mgonjwa."