Ragnfrid Hestnes na Poromoko Lililochelewa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Storvik, Marehemu Ragnfrid Hestnes alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 hapa hapa chini ya mlima, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Edvin na Bibi Jorunn, na dada zake wanasema udadisi alianza nao mapema, kwani akiwa na miaka sita alichukua kisu cha mkate akakata rundo la theluji nyuma ya nyumba ili aone dhoruba ipi imelala juu ya ipi, kisu kikapotea humo hadi Mei theluji ilipoyeyuka.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1955 hadi 1962, akahitimu sekondari mjini Tromsø mwaka 1967, na tarehe 20 Juni 1970 alifunga ndoa na Mwalimu Halvard, wakajaliwa watoto wawili, Gaute, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na Turid.

Tarehe 1 Desemba 1974 aliajiriwa kuwa mpimaji wa theluji wa barabara yetu, wa kuamua kama theluji ya mlimani inaweza kuporomokea wapitao, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013, na wengi wenu mnamkumbuka akipanda mlimani kila baada ya dhoruba, akichimba shimo, akiacha nguzo ya theluji imesimama, akilaza beleshi juu yake na kuligonga mara kumi kwa kiganja, mara kumi kwa nguvu ya kiwiko, mara kumi kwa nguvu ya bega, na nguzo ikivunjika anapiga magoti kutazama imevunjikia wapi, huku chakula chake kikipoa nyumbani.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 1997, baada ya dhoruba ya siku tatu, jua liliwaka, na Gaute alikuwa amuoe Ingebjørg kwenye kanisa la ng'ambo ya mlima, wageni arobaini na mmoja wakiwa tayari ndani ya basi. Nguzo ya kwanza ilistahimili hadi mapigo ya bega, watu wa barabara wakajiandaa kufungua, lakini Mama hakuridhika, kwa sababu pale alipochimba upepo haukufika, basi akapanda hatua mia mbili zaidi, ambako upepo ulikuwa umerundika theluji, na huko nguzo ilianguka kwa pigo la tatu, juu ya tabaka la chembe zilizolegea kama sukari, zilizobaki tangu baridi ya Januari. Akaamuru barabara ibaki imefungwa. Gaute, akiwa ndani ya suti yake, alimwambia mbele ya wageni, "Mama, jua lote hili, wewe unaona msiba tu?" Naye akajibu, "Naona sukari chini ya theluji, mwanangu. Utaoa Jumatatu."

Alioa Jumatatu kweli, lakini mlima haukuporomosha hata kipande, theluji ile ikayeyuka pale pale ilipokaa, na kwa miaka mingi dukani mlimuuliza poromoko lake limekwama wapi, au limekosa basi. Alicheka nanyi, ila lilimuuma, akawa anajiuliza kama aliwanyima watu furaha yao bure, hata mwaka 2001 akaomba kuacha kazi, mkuu wake akamkatalia.

Septemba 2023 aligundulika na saratani ya mapafu, akafariki tarehe 2 Februari 2024 saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa barabarani, na majirani mliotuletea supu ya samaki bila kuombwa.

Limebaki jambo moja, na Gaute analikiri mbele yenu kwa aibu. Jumamosi ile, kwa hasira, alivaa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, akapita kwenye miti juu ya barabara iliyofungwa, akaenda kwa mchumba wake ng'ambo ya mlima na kurudi, na siri hiyo alimfichulia Mama tarehe 28 Januari mwaka huu, kando ya kitanda chake. Mama hakukasirika, akamwomba afungue daftari la mwaka 1997, na humo yeye mwenyewe alikuwa ameandika, "Alama za ski, mtu mmoja, kwenda na kurudi, ni Gaute." Karibu miaka ishirini na saba alijua, akinyamaza, akingoja kuambiwa, na alikuwa na swali moja tu.

"Ulisikia nini?"

Gaute akamwambia kwamba theluji iliguna mara mbili chini ya miguu yake, mguno mzito, ikadidimia yote kwa pamoja hadi miti ikatikisika, na kwamba alinyamaza miaka yote kwa sababu alijua maana yake: ile sukari ya chini ilikuwa imevunjika, na mlima ulibaki kidogo tu uporomoke.

Mama alifumba macho, akasema, "Kumbe sikukosea."

Hukukosea, Mama. Wale wa basi wako hapa, wamesikia. Lala kwa amani.