Wilbard Clemens Lugwisha, Dizaina Aliyeanza kwa Kusalimia

Ndugu, majirani na wateja wa marehemu, haya yanasomwa lakini sisi wenyewe bado hatujaamini. Jumatano asubuhi alikunywa chai nyumbani kwake Shinyanga. Leo Jumamosi tuko naye hapa Ushirombo, na hasemi.

Wilbard alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Ushirombo, mtoto wa tatu wa Mzee Clemens Lugwisha na Mama Febronia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2009. Alikuwa akiwachora walimu nyuma ya madaftari. Alichapwa sana kwa hilo, ila mwalimu mmoja alimchapa kisha akaiomba ile picha akamwonyeshe mkewe.

Mwaka 2011 alikwenda Shinyanga, akaajiriwa steshenari kutoa kopi. Kompyuta alijifundisha mwenyewe wateja wakipungua. Mwaka 2016 akaanza kujitegemea: kadi za harusi, mabango ya maduka, fulana, ratiba za mazishi. Ofisi hakuwa nayo, aliibeba mgongoni, kompyuta ndani ya begi. Wateja wake walianzia Shinyanga, wakapita Runzewe, wakafika Buseresere na machimboni Geita.

Alikuwa na utaratibu wake. Hakuchora biashara ya mtu kabla hajaketi pale na kununua kitu. Na kazi ikiisha, bado alipita. "Leo sina kazi na wewe, nimekuja kusalimia tu." Wapo waliomcheka kwamba anamaliza nauli kwa shikamoo. Lakini Mzee Akida wa Buseresere, muuza vifaa vya wachimbaji, alisema anayekuja bila shida ndiye wa kupewa kazi, akampeleka kwa wenzake sokoni.

Mwamvua, mama lishe wa Shinyanga, yeye alitaka bango lenye pilau aliyoiona mtandaoni.

"Mteja akikuta pilau si ile, atakuita tapeli," marehemu akamwambia.

"Haya, piga hii yangu. Ila niongezee nyama humo kwenye kompyuta!"

"Ongeza kwenye sahani, shangazi. Kompyuta haina bucha."

Mwamvua akaongeza. Marehemu akapiga picha, kisha akaila pilau yote.

Tarehe 18 Novemba 2017 alifunga ndoa na Dorika Edward, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza Zita. Dorika naye alianza kama mteja, alikuja na kazi ya kadi za kipaimara cha mdogo wake. Kadi zikaisha, kijana akaendelea kupita kusalimia.

Jambo moja lilimnyima raha. Agosti 2023 Mzee Eustace, mfanyabiashara wa Runzewe, alifiwa na mama yake, akampa Wilbard kazi ya ratiba ya mazishi. Bibi yule alikuwa na kovu kubwa shavuni. Wilbard, kwa heshima tu, akalifuta, akamlainisha na uso. Ratiba zikagawanywa watu wakiwa wameshakaa. Mzee Eustace akaitazama yake, akauliza kwa sauti, "Huyu ni mama wa nani?" Lile kovu lilikuwa la mafuta ya moto, na mafuta yalikuwa ya maandazi yaliyomsomesha yeye.

Wilbard alipiga magoti pale pale. Mzee akampa mgongo. Baada ya hapo hakugusa tena uso wa mtu bila kuwauliza wenye mtu wao. Na kila alipofika Runzewe alipita kumwamkia Mzee Eustace, naye mzee aligeukia ukutani. Nyumbani alimwambia Dorika, "Sitaki kazi yake. Nataka aitikie."

Kuugua, hatuwezi kusema aliugua. Tangu Julai kichwa kilimuuma, akasema ni mwanga wa kompyuta, akawa anameza dawa za dukani. Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, Mzee Eustace alimpigia simu mwenyewe kwamba afike. Dorika alimwona anavaa shati la kanisani.

"Anakuita akufokee?"

"Hata akinifokea, Mama Zita, si atakuwa amenisemesha?"

Saa kumi jioni simu ya Dorika iliita, namba ngeni. Wilbard alikuwa ameanguka dukani kwa Mzee Eustace, akakata roho kabla ya kufika hospitali. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Dorika alifika Runzewe akiwa hana hata chozi. Alimkuta Mzee Eustace amekaa chini, nje ya chumba cha maiti.

"Baba, shikamoo. Amekufa mmegombana?"

"Marahaba, mwanangu. Tuligombana, ndiyo. Nilimwita anichoree kibao cha duka jipya, duka lina jina la mama yangu. Mimi nikataka chekundu. Akaniambia, 'Baba, chekundu hivyo watu watakuja na mitungi wakidhani unauza gesi.' Nikacheka mpaka nikashika meza. Kumtazama, na yeye ameinama. Nikadhani anacheka."

Hapo ndipo Dorika alipolia.

Wilbard ameacha mke, watoto wawili, Zita na Gerold, wazazi wake wote wawili na ndugu wanne. Wateja wake mko hapa, tunawaona. Mzee Eustace ameomba kukaa upande wa familia, na familia imekubali.

Ee Bwana, mpokee Wilbard, umpe pumziko lenye amani. Amina.