Tahadhari ya Maji Kujaa

Kivuko cha Pangani kilielea kuelekea Bweni taratibu, kana kwamba kimesahau kinakokwenda. Bi Kijakazi, mkulima wa mwani, alikuwa amelala macho tu. Masikio yalikuwa kazini, tena kwa uadilifu mkubwa. Kumbe kijana na binti waliosimama kando yake ndio waliotengeneza ile programu ya simu inayomwonya baharini kila maji yanapoanza kujaa.

"Msimbo wa programu tumeuacha wazi, kila mtu auchukue bure," kijana alilalama. "Sisi tutakula nini, Shadya? Tahadhari ya maji iingie toleo la kulipia."

"Innocent, toleo la kulipia ni la wanunuzi wakubwa wa mwani, na ripoti zao na mbwembwe zao. Tahadhari ni roho ya mtu."

Bi Kijakazi akafumba macho zaidi, asije akapitwa na neno.

"Na nikiifunga?"

"Nauchukua msimbo, naianzisha programu upya kwa jina jingine. Leseni yetu inaruhusu. Inamruhusu hata bibi huyu."

"Sasa unanitishia kwa bibi wa watu!"

Mlango wa kivuko ukagusa nchi kavu, nao wakashuka wakibishana. Bi Kijakazi akawafuata nyuma polepole, akitafuta jina zuri.