Sisi Wote Tuko Kingereza

Benchi la kahawa la Hamid, nyuma ya msikiti pale Kitale, halijawahi kushindwa na jambo. Mwaka huo wa 2006 lilikuwa limevaana na barua pepe. Chama cha wakulima wa mahindi wa Kitale na Bungoma kilikuwa kimemwomba Zahid wa saiba, lile duka la intaneti, akitengenezee orodha za barua pepe, ili karani Dinah akituma ujumbe umfikie kila mwanachama. Zahid akatengeneza tatu, ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya Kibukusu, zote ndani ya kompyuta moja ya kukodi huko ng'ambo, yenye wapangaji wengine kibao. Siku ya kila mwanachama kuchagua lugha yake, mwenyekiti Gikonyo aliinua mkono kutaka Kiingereza, maana mwenyekiti mzima atachaguaje kingine mbele ya watu? Mkutano karibu wote ukainua naye. Sasa barua kuhusu lori la mnunuzi ilikuwa imefika, na Gikonyo alikuwa nayo mfukoni, imechapishwa vizuri. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha Dinah ni kile cha mahakamani. Gikonyo aliitambua Jumatatu, akaitambua Ijumaa, lakini ipi imewekwa na ipi imeondolewa, hapo alipotea kabisa. Mahindi yake yalikuwa nje chini ya turubai, mawingu yanazidi kukusanyika, na Wacuka mkewe alikuwa amemwambia asirudi nyumbani bila siku ya lori. Kuuliza hakuthubutu. Akaja benchi kuchokora kwa ujanja.

— Wazee, mliona barua? akaanza, akipuliza kahawa.

— Tuliona, akasema Yakub, fundi wa redio, ambaye benchi linamwita Injinia. Barua safi sana.

— Imeeleza kila kitu, akasema Kibiwott, aitwaye Habari kwa kuwa hakuna umbea unaompita.

— Hasa ile sehemu ya lori, akasema Gikonyo.

— Hiyo ndiyo yenyewe! wakaitikia wote, kisha kila mtu akatazama kikombe chake.

Gikonyo akajaribu mlango mwingine. Akamgeukia Khaemba, mtu wa Bungoma aliyeoa huku Kitale, mtaa wa Tuwan.

— Khaemba, siku hiyo utaleta mahindi na mkokoteni?

— Siku gani?

— Si ile ya barua.

— Aaa, hiyo siku! Mkokoteni, bana. Na wewe mwenyekiti, utafika saa ngapi?

— Saa ile ya barua.

Khaemba ndiye aliyepata pa kutorokea.

— Lakini balua yangu mimi, si ati nalaumu mtu, ilifika kama imekatwa. Hiyo mtambo ya Zahid iko na shida.

— Si nilisema? akadakia Injinia. Hiyo kompyuta ni ya kupanga. Ni kama ploti za Matisi, vyumba ishirini, mfereji moja. Jirani akifungua maji, yako inakuwa matone. Wengine wakituma barua zao, yetu inapungukiwa maneno.

— Zii, akasema Habari. Hao majirani wanatusomea! Mahali wanaona neno tamu, wanabeba. Yangu wameniibia tarehe.

— Tarehe tu? akasema Khaemba. Yangu wameiba hata saa!

— Na lugha tatu ndani ya mashini moja, akaendelea Injinia, si inapata joto? Kingereza ni kizito, inalalia hiyo ingine. Asubuhi ukifungua, imevimba.

— Wacha niwaambie kitu hamjui, akanong'ona Habari. Huko ng'ambo kuna mzee wameweka ndani ya chumba ya baridi. Kazi yake ni kusukuma Kiswahili huku, Kibukusu kule. Akisinzia kidogo, zinaingiliana.

— Mzee wa wapi?

— Hiyo hawasemi.

Gikonyo alijua fika kwamba barua yake ilikuwa nzima, mpaka jina la Dinah pale chini. Lakini alisikia raha isiyo kifani. Aibu ikigawanywa kwa benchi zima haimwumizi mtu. Akakohoa kiuenyekiti.

— Basi natoa amri. Zahid aitwe, aeleze kwa nini mtambo wake unaharibu barua za wanachama.

— Hapo umenena, bana!

Kabla hajaitwa Zahid, mtu mgeni akavuka barabara, funguo za gari mkononi na vumbi hadi kope. Akawasalimia, akaagiza kikombe, akakinywa amesimama.

— Wazee, nyinyi ni wenyeji hapa. Natafuta watu wa chama ya mahindi. Nimepaki lori hapo sokoni tangu asubuhi na sijaona hata gunia moja. Bungoma nimepakia ya mama mmoja tu, anasema barua yake ilikuwa ya Kibukusu. Sasa nageuza, nina safari ndefu.

Hamid akaacha kumimina. Gikonyo akahisi turubai lote la Wacuka limemwangukia kichwani.

— Kwani nyinyi hamkuandikiwa? akauliza dereva.

— Tuliandikiwa, wakajibu kwa pamoja.

— Na barua mkasoma?

— Tulisoma.

Dereva akarudisha kikombe kwa Hamid, akawatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Gikonyo, ambaye kona ya karatasi ilikuwa inachungulia mfukoni mwake.

— Sawa, mzee. Ilisema nini?