Kibao cha Bi Nadine

Benchi letu liko nje ya duka langu la mbegu na mbolea, hapa Tillery, kusini mwa Georgia, ubavuni mwa mashine ya barafu. Kahawa ni ya bure, maneno pia ni ya bure, na ndiyo maana wakaaji wake hawaondoki. Ukifika mwezi wa sita hakuna siasa wala mpira hapa, ni yungiyungi tu: lile la siku moja, linalofunguka alfajiri na kufikia jioni limenyauka, kesho yake linafunguka jingine kwenye kikonyo kilekile. Kila asubuhi mwenye bustani hupita kuchuma maua ya jana yaliyosinyaa, na rangi yake humganda vidoleni. Kwa hiyo hapa mtu haulizwi kama kweli anapanda maua. Anaangaliwa vidole.

Wenye benchi ni watatu. Yupo Kanali, yaani Wendell Crabtree, ambaye jeshi kaliona kwenye televisheni ila maua yake kayapanga gwaride. Yupo Sukari, Loretha Gaines, aliyesuka na kuchoma nywele za mji huu mpaka akastaafu, na ulimi wake sukari hauna. Na yupo Shemasi Pettiway, shemasi kweli wa Kibaptisti, ila uongo wa maua huwa hauhesabu. Mimi wananiita Mbolea. Nimeshazoea.

Asubuhi hiyo Kanali ndiye aliyeanza, na bora asingeanza.

Kanali: Jumamosi msafara wa chama cha maua unapita kwetu. Mzee Hollis yumo. Nasikia anataka kuliona ua moja tu, mengine hana habari nayo.

Sukari: La Bi Nadine.

Kanali: La nani tena kama si hilo.

Shemasi: Aje tu. Kwangu limejaa, Bwana asifiwe.

Sukari: Kwangu limejaa mpaka kero. Nalikwepa nikipanda ngazi.

Kanali: Mimi nimelichomekea miti, vikonyo vinaelemewa.

Ngoja niseme jambo hili mapema, maana ndilo kiini cha yote. Bi Nadine Barfield, mke wa Mzee Hollis, alilitengeneza ua lile mwenyewe. Alichukua chavua ya ua moja akaipaka kwenye jingine, akapanda mbegu, akasubiri miaka, na lilipochanua kwa mara ya kwanza alikuwa kitandani tayari. Siku tuliyomzika, baada ya chakula pale ukumbini mwa kanisa, Mzee Hollis alimpa kila mmoja wa hawa watatu shina moja limefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, na kibao cha bati alichokikwaruza jina la mkewe kwa msumari. Kwetu kupeana ua ni amana. Unawapa wenzako kipande ili siku likifa kwako uende kumegewa. Hilo halihitaji kusemwa, na siku ile hakulisema.

Sasa mimi majira ya kuchipua nilimpelekea Kanali chokaa ya bustani. Chini ya mpekani wake, ule mti mkubwa wa kokwa, pale penye kivuli ambapo hata nyasi zinaona tabu, nilikiona kibao cha Bi Nadine kimesimama peke yake juu ya maganda ya pekani. Nikanyamaza. Na asubuhi hiyo pia nilinyamaza, nikamwongeza kahawa.

Sukari: Lako lina kimo gani, Kanali?

Kanali: Linanifika hapa kifuani.

Sukari: Bi Nadine mwenyewe hakukufika hapo.

Kanali: Udongo wangu mwekundu, dada. Unasukuma.

Shemasi: Na halafu ile rangi. Pichi laini, duara la zambarau katikati, koo la kijani. Mtu unatamani kuliimbia.

Sukari: Koo la njano.

Shemasi: La kijani, Sukari.

Sukari: Shemasi, mimi nalipita kila siku nikienda kuchukua barua. Njano. Na duara halina, ila ncha zake zimejikunjakunja kama kola ya kwaya.

Shemasi: Bi Nadine hakuwahi kupenda ua la kujikunja. Alisema linaonekana limelala vibaya.

Hapo wakatazamana. Ua moja, mama yao mmoja, na katika kila bustani lina sura yake. Mtu mwenye akili angeuliza kulikoni. Hawa wakaanza kutafuta sababu.

Kanali: Inawezekana lakini. Lile la rangi ya chungwa la porini nimelipanda mitaroni, nimelipanda kwenye changarawe, halibadiliki hata kidogo. Lakini haya ya kuzalishwa yana deko. Lile langu jekundu, juani linaungua, kivulini linachanua mawili basi. Bustani hubadilisha ua.

Sukari: Ndiyo maana koo la ua langu likawa njano. Ni yale maji. Nikimwosha mjukuu nywele, maji yote namwagia pale. Dawa ile inapandisha rangi.

Shemasi: Au ni mnara wa simu. Kwako uko karibu. Mawimbi yanafyonza kijani.

Kanali: Na kwangu ni treni. Inapita nyuma ya uzio, mizizi inatikisika, ua linarefuka lipate kuchungulia.

Shemasi: Kwangu linapumzika juma zima. Jumapili ndiyo linafungua, yote kwa mpigo, wakati wa kengele.

Sukari: Acha kamba, Shemasi. Ua linajua Jumapili?

Shemasi: La Bi Nadine linajua. Lilizaliwa kwenye nyumba ya sala.

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Walikuwa wananoga, na kila mmoja akipandisha sauti ili mwenzake asipate nafasi ya kuuliza.

Kisha Sukari akajisahau akasema kweli.

Sukari: Tatizo lake, lile ni la aina inayolala. Kuna mayungi yanayobaki na majani kipupwe chote, hayo hapa yanastawi. Kuna yanayolala chini ya udongo mpaka baridi iishe. Bi Nadine alichukua chavua kwenye ua la dadake wa Minnesota, kaskazini kwenye baridi kali. Huku kwetu baridi haitoshi, halipati usingizi wa kutosha, basi kila mwaka linapungua. Linapungua, linapungua, siku moja unakuta…

Akanywa kahawa.

Kanali: Siku moja unakuta nini?

Sukari: Unakuta la wenzako limekwisha. Langu halipungui.

Kanali: Kwa nini lisipungue, na huku ni kulekule?

Sukari: Kwa sababu nalilaza. Nachukua barafu hapa kwa Mbolea, naliwekea miguuni kipupwe kizima.

Wote wakanigeukia. Katika maisha yangu sijamwona Sukari na mfuko wa barafu. Nikasema mashine inafanya kazi vizuri tu, jibu la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

Shemasi: Mimi nalifunika blanketi.

Kanali: Baridi haitoshi, wewe unalifunika blanketi?

Shemasi: La kulipa kiza, bwana. Lidhani ni usiku mrefu.

Kanali: Hebu leta vidole.

Shemasi: Vya nini?

Kanali: Mwezi wa sita huu. Ua limejaa, maua ya jana yanachumwa kila asubuhi. Leta vidole.

Shemasi akaviingiza mfukoni.

Shemasi: Navaa glavu.

Sukari: Nani anachuma yungi kwa glavu? Wewe unapasua mgonjwa?

Tulicheka wote tena, Shemasi mwenyewe akiwemo, na Kanali akasema haidhuru, hata asipokuwa na ua ana blanketi safi. Ndipo mlango wa pikapu ukafungwa upande wa pili wa mashine ya barafu.

Ilikuwa pikapu ya Mzee Hollis. Ilikuwa imeegeshwa pale kivulini kitambo, dirisha wazi, nasi tusijue. Akaja taratibu, mzee mrefu aliyepinda mabega, koleo dogo mkono mmoja, na kwapani gazeti. Gazeti lilikuwa limeloweshwa, maji yanamtiririka kwenye shati. Na alikuwa anatabasamu. Hilo la kutabasamu ndilo lililonimaliza.

Mzee Hollis: Msiinuke, msiinuke. Nimewasikia toka mwanzo. Nilikuwa kwenye gari najiuliza nianzie kwa nani, maana sipendi kusumbua watu.

Sukari: Karibu, Mzee Hollis. Kuanzia nini?

Mzee Hollis: Langu limekwisha. Mwaka juzi lilishikwa na kutu, lile vumbi la rangi ya chungwa, nikalikata majani yote likapona nusu. Kipupwe kilichopita panya wa ardhini wakaingia. Leo nimechimba pale mahali pake pote, hata mzizi sikuona. Nikakaa palepale kwenye udongo, mtu mzima. Halafu nikajiambia, we Hollis, unalia nini, si uligawa? Nanyi nikawakuta mnabishana lako limefika kifua, la huyu linafungua kwa kengele. Nimefurahi kama nini. Basi, nani atanimegea shina?

Nimeona aibu nyingi kwenye benchi lile. Watu wameumbuliwa kwa wake zao na kwa mabao ya drafti, na kesho yake wamerudi. Hii ilikuwa nyingine. Kanali alitazama kiatu chake. Shemasi vidole havikutoka mfukoni. Mimi nilishika birika na sikuwa na wa kummiminia, na kicheko changu mwenyewe nikawa bado nakisikia masikioni.

Mzee Hollis: Kanali, wewe umesema vikonyo vinaelemewa. Shina moja halitakupunguzia.

Kanali: Mimi… Mzee Hollis, Sukari analo zuri zaidi. La ngazini. Kibao kila mtu anakiona.

Sukari akamgeukia Kanali kwa jicho ambalo lingemkausha mtu mwingine. Mzee Hollis akamgeukia Sukari kwa furaha.

Mzee Hollis: Kweli kabisa. Mwaka jana nilikiona kile kibao nikiwa barabarani. Sikushuka, goti lilinisumbua. Nitachimba mwenyewe, mama, kwa upole. Hata leo hii tukienda.

Sukari alikuwa na njia, na sote tulijua anayo. Ua lililosimama nyuma ya kile kibao ni la pichi, linakaribia kufanana nalo. Macho ya mzee hayako vizuri. Angelifunga kwenye gazeti, mzee angelipanda, angelichumia maua ya jana kila asubuhi na kuliita Nadine mpaka anakufa, na hakuna ambaye angemwambia. Kanali alikuwa anamwomba kwa macho afanye hivyo. Mungu anisamehe, nami pia nilitaka afanye.

Sukari akaweka kikombe chini.

Sukari: Kibao ndicho kilichobaki, Mzee Hollis. Ua lile si lake.

Mzee Hollis: Si lake?

Sukari: Lilipungua, likaisha. Nikapanda lingine palepale. Niliona vibaya kibao kisimame patupu watu wakipita, na kukiondoa nikaona vibaya zaidi.

Mzee Hollis aliligeuza koleo mkononi. Akamtazama Shemasi.

Shemasi: Nililipiga dawa ya magugu. Sikulitambua, lilikuwa dogo mno. Kibao kiko kwenye droo ya vijiko.

Kisha Kanali, ambaye hakusubiri kutazamwa.

Kanali: Mimi nililipanda chini ya mpekani. Nilijua ni kivuli. Nilikuwa na haraka, penye jua nilikuwa nimeweka mengine mapya.

Gari moja likapita barabarani, likapiga honi kutusalimu kama kawaida, na hakuna aliyeinua mkono. Mzee Hollis alilichukua gazeti lake akalikunja mara mbili, kwa uangalifu, maji yakamchuruzikia viatuni. Nilitegemea atatutukana. Ningependa atutukane.

Mzee Hollis: Lilikufa lini?

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ndugu wa mbali ambaye hakupelekewa taarifa. Sukari akahesabu kwa vidole, akaacha. Shemasi akasema nadhani ni kile kipupwe cha…, halafu akamtazama Kanali amsaidie, na Kanali akatikisa kichwa.

Mzee Hollis: Sisemi siku. Mwaka tu. Nataka kujua lilipokufa la mwisho kwenu, nilikuwa nafanya nini.

Hakuna aliyejua. Watatu wao, na mimi wa nne ninayepita kwenye bustani zao na magunia yangu, hatukuweza kumpa hata mwaka. Ili kujua lilikufa lini, mtu ingebidi awe amekwenda kuliangalia.

Alingoja muda mrefu kuliko heshima tuliyostahili, akiwa amesimama, maana Kanali alisahau kumpisha kiti. Mwishowe akasema Jumamosi tumpelekee vibao, vyote, na akarudi kwenye pikapu na koleo lake. Gazeti lililolowa aliliacha juu ya benchi, kati ya Sukari na Shemasi, na wote wawili walikaa pale mpaka likakauka.